Mbwa Anayewashwa Baada ya Kuogeshwa na Kunyolewa: Mwongozo Kamili wa Kumhudumia

Mbwa anarudi kutoka kunyolewa akiwa safi, ananukia vizuri na manyoya yamekaa sawa. Kabla usiku haujaingia ameanza kujilamba kinenani bila kupumzika, au anaburuta makalio sakafuni, au anatikisa kichwa kana kwamba mdudu amemwingia sikioni. Mwenye mbwa hajui kama tatizo ni dogo au kubwa, na huku akijiuliza, mkono wake tayari uko kabatini ukitafuta chochote cha kupaka. Naomba mkono huo usubiri kidogo. Katika miaka yote niliyofuga mbwa, madhara mengi niliyoyaona hayakuletwa na mashine ya kunyolea wala na shampuu, bali na kitu kilichopakwa baadaye kwa haraka, pamoja na ulimi wa mbwa mwenyewe ulioachwa ufanye kazi usiku kucha.

Kabla ya dawa yoyote yapo maswali mawili ya kujibiwa: mwasho uko sehemu gani ya mwili, na ulianza baada ya muda gani tangu mbwa alipoogeshwa au kunyolewa. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotenganisha mchubuko utakaopona wenyewe kwa siku chache na maambukizi yanayomhitaji daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kwa nini ngozi ya mbwa huumia upesi

Manyoya humfanya mbwa aonekane mgumu kuliko alivyo. Chini yake, tabaka la juu la ngozi lina unene wa seli 3 hadi 5 tu, ilhali la binadamu lina seli 10 hadi 15. Tena ngozi ya binadamu ina uasidi kiasi, pH yake ikiwa karibu 5.5, wakati ngozi ya mbwa hukaribia 7, yaani hali isiyo ya uasidi wala ya alkali. Kwa hiyo shampuu ya watu, hata ile ya watoto wachanga ambayo wengi huiamini kuwa ni laini, haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi hii, na ikitumiwa mara kwa mara huikausha na kuiacha bila kinga yake.

Zipo sehemu ambazo ngozi ni nyembamba zaidi na imejikunja, nazo ndizo huumia kwanza: kinena, tumbo, makwapa, eneo linalozunguka njia ya haja kubwa, koo, pembe za midomo, upande wa ndani wa sikio na nafasi zilizo kati ya vidole. Mwasho ukiwa katika mojawapo ya sehemu hizo na mashine ilipita hapo, sababu yake huwa haiko mbali.

Hatua ya kwanza: kumkagua mbwa kabla ya kugusa dawa

Mweke mbwa mahali penye mwanga mzuri, akiwa ametulia, na ikiwezekana mtu anayemfahamu amshike kichwa na kuzungumza naye kwa upole. Mbwa mpole kabisa anaweza kuuma akiguswa mahali panapouma, na hilo halimfanyi kuwa mbwa mbaya. Akikunja mdomo, akiganda ghafla au akionyesha weupe wa macho, acha, mpe nafasi, kisha ujaribu tena baadaye au umwachie daktari.

Anza mbali na sehemu anayoilamba. Pitisha kiganja taratibu kutoka shingoni hadi mkiani, kisha ubavuni, kisha chini ya tumbo, ukitafuta joto lisilo la kawaida, unyevu, magamba, vipele au mahali ambapo misuli inaruka unapopagusa. Fungua manyoya kwa vidole hadi uione ngozi yenyewe, kwa sababu manyoya yaliyopangwa vizuri huficha mengi. Tazama kati ya vidole na inua mkia. Ukiona wekundu, piga picha kwa mwanga uleule utakaoutumia siku zinazofuata, na uandike tarehe na saa. Picha hiyo ina thamani kubwa kuliko kumbukumbu, kwa maana kesho utakuwa na wasiwasi na kila doa litaonekana limekua.

Andika pia mambo ambayo utaulizwa baadaye: alioshwa kwa shampuu ipi, alikaushwa kwa nini, alinyolewa kwa mashine au kwa mkasi, kama manyoya yalikuwa yamesokotana, na kama siku hizo alipakwa dawa ya viroboto. Hilo la mwisho husahaulika, ilhali dawa ya matone inayopakwa mgongoni inaweza kuleta wekundu hata pasipo kosa lolote la mnyoaji.

Hatua ya pili: kutambua ni mwasho wa aina gani

Unaojitokeza mara nyingi zaidi ni mchubuko wa mashine. Meno ya mashine hupata joto kutokana na msuguano, na yakipitishwa mahali pamoja mara nyingi, au yakiwa butu, au yakinyoa karibu mno na ngozi, huacha eneo jekundu lenye mistari au vijidoa, mara nyingine likiwa linang'aa kama ngozi iliyoungua. Huonekana saa chache baada ya kunyolewa, hadi siku inayofuata, na hukaa hasa tumboni, kinenani na chini ya mkia. Mbwa hulilamba, hukaa ghafla katikati ya kutembea, au hugeuka kutazama nyuma kana kwamba kuna mtu amemchoma sindano. Ngozi ikiwa nzima, bila jeraha wala majimaji, hili ni tatizo unaloweza kulishughulikia nyumbani.

Mwasho wa shampuu una sura tofauti. Haufuati njia ya mashine, bali umetawanyika, na mbwa hujikuna pande zote, hujisugua ukutani na hutafuna miguu. Mara nyingi shampuu yenyewe haikuwa na ubaya, haikusuuzwa ikaisha. Ukipitisha vidole kwenye manyoya makavu ukahisi utelezi au unga mweupe, hasa makwapani na kifuani ambako maji hufika kwa shida, sababu umeipata. Ikiwa ni mzio wa kweli, huenda vikatokea vinundu vilivyoinuka vyenye kuwasha ndani ya dakika au saa chache, na manyoya yaliyo juu yake husimama na kumfanya mbwa aonekane kama ana mabaka.

Manyoya yaliyosokotana yana habari yake. Fundo likikaa wiki nyingi huivuta ngozi kila mbwa anapopiga hatua, huhifadhi unyevu na huzuia hewa, hivyo chini yake ngozi huwa imeshakuwa nyekundu na dhaifu kabla mashine haijaletwa. Fundo linaponyolewa, mwenye mbwa huona jeraha na kumlaumu mnyoaji, kumbe mashine ililifunua tu. Nasema hivi si kwa kuwatetea wanyoaji, bali kwa sababu tiba na kinga havitafanikiwa tukikosea chanzo. Angalia hasa masikio. Baada ya mafundo mazito kuondolewa, damu hurudi kwa nguvu sehemu iliyokuwa imebanwa, sikio huwasha, mbwa hutikisa kichwa mfululizo, na mishipa midogo iliyomo ndani ya sikio inaweza kupasuka na kulijaza damu mpaka lifanane na mto mdogo. Uvimbe huo ni wa daktari.

Katika mbwa wenye manyoya mazito yenye tabaka mbili, hatari nyingine ni unyevu. Juu wanaonekana wamekauka, ilhali sufi ya chini bado ina maji. Mbwa akianza kupakuna na kupatafuna mahali hapo, ndani ya saa chache tu kinaweza kutokea kidonda cha duara, chekundu, chenye majimaji, kinachonuka na kugandisha manyoya. Kasi yake hushtua: asubuhi hukuona kitu, na jioni pana jeraha la ukubwa wa kiganja. Kidogo kilichogunduliwa mapema hutulia kwa huduma ya nyumbani, lakini kinachokua au kinachouma sana kinahitaji kunyolewa pembeni na kutibiwa na daktari.

Ninayoiogopa kuliko zote haitokani na mashine hata kidogo. Ni maambukizi ya vile vishimo ambamo manyoya huota, na kwa kawaida hutokea mgongoni, siku moja au mbili baada ya kuogeshwa, ingawa huweza kuchelewa hadi wiki. Mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, ambaye hupenda maji na anaweza kuishi ndani ya chupa ya shampuu iliyochanganywa na maji ikahifadhiwa. Mbwa anaposuguliwa kwa nguvu kinyume na uelekeo wa manyoya, vishimo hivyo huumia na bakteria hupata njia.

Niliyajua haya kwa gharama ya mbwa wangu jike mwenye manyoya mafupi. Siku ya pili baada ya kumwogesha, nilikuwa namfunga ukanda wa kutembelea, na kidole changu kilipogusa uti wa mgongo akalia kilio ambacho sikuwahi kumsikia akilia. Hakukuwa na wekundu wa kuonekana kwa mbali. Nilipofungua manyoya nikakuta vipele vigumu, vyeusi kwa damu iliyokauka, vimejipanga kutoka mabegani hadi kiunoni, na ngozi ilikuwa ya moto. Tangu asubuhi hakuwa amekula, nami nilidhani ni joto tu. Shampuu niliyoitumia nilikuwa nimeichanganya mwenyewe wiki tatu kabla, nikaiacha bafuni.

Kwa hiyo kumbuka alama hizi: maumivu makali mgongoni yasiyolingana na kinachoonekana, vipele vya damu au usaha, uchovu, kukosa hamu ya kula na homa. Hakuna kitu cha nyumbani kinachotibu hali hii, na antibiotiki za kawaida mara nyingi hazimwezi bakteria huyo, ndiyo maana daktari huchukua sampuli na kuipima maabara ili ajue dawa itakayofanya kazi.

Hatua ya tatu: kumzuia asijilambe

Hii ndiyo hatua yenye manufaa makubwa kuliko nyingine zote, na ndiyo inayoachwa kwa huruma. Ulimi wa mbwa unakwaruza na mdomo wake umejaa bakteria; mchubuko uliokuwa utulie kwa siku tatu unaweza kugeuka kidonda kibichi kwa usiku mmoja wa kulamba. Wapo wanaoamini kwamba mate ya mbwa ni dawa. Hata kama yana chembechembe za kupambana na vijidudu, kiasi hicho hakifui dafu mbele ya madhara ya msuguano.

Mvalishe kola ya koni ambayo ukingo wake unapita ncha ya pua kidogo, na uhakikishe vidole viwili vinaingia kati yake na shingo. Siku ya kwanza atagonga milango na kusimama amenuna. Mpe chakula na maji kwenye chombo kilichoinuliwa, naye atazoea. Kwa mchubuko wa tumboni au ubavuni, fulana safi ya pamba iliyofungwa vizuri inaweza kutosha mchana ukiwa unamwangalia, mradi usiiache ikilowa. Usiku, wakati hakuna anayemtazama, tumia koni. Soksi inafaa kwa mguu, ila isibane na isikae muda mrefu.

Hatua ya nne: kupoza na kusafisha

Kama shampuu ilibaki, msuuze upya kwa maji ya uvuguvugu, bila shampuu nyingine, kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha. Anza shingoni ukishuka, inua manyoya kwa vidole ili maji yafike ngozini, na usiache makwapa, kinena na nafasi za vidole. Maji yakitiririka bila povu, ongeza dakika chache. Kisha mkaushe kwa taulo kwa kubonyeza badala ya kusugua.

Kwa mchubuko wa mashine, loweka kitambaa safi katika maji baridi, kamua kidogo, ukiweke juu ya sehemu nyekundu kwa dakika 5 hadi 10, mara 3 au 4 kwa siku. Kitambaa kikipata joto, kiloweke tena. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja, maana nayo huunguza kwa namna yake. Wengi hushangaa kuona kwamba kwa mchubuko mwepesi, kukanda huku pamoja na koni ndiyo tiba yote.

Ikiwa pana mkwaruzo uliotoa damu kidogo, safisha kwa maji ya chumvi: gramu 9 za chumvi ya kawaida, ambazo ni takriban kijiko kidogo kimoja na nusu kilichosawazishwa, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mimina au gusa kwa shashi. Pamba huacha nyuzi. Klorheksidini, dawa ya majimaji ya kuua vijidudu, nayo ni nzuri, lakini nguvu yake ipunguzwe. Myeyusho wa asilimia 2 huchanganywa mililita 25 kwa lita 1 ya maji ili kupata asilimia 0.05 inayofaa jeraha. Hakikisha ni myeyusho usio na sabuni, usome kiwango kilichoandikwa kwenye chupa kabla ya kupima, na usiuweke machoni wala ndani ya masikio.

Mwasho uliotawanyika hutulizwa na maji ya oti. Saga oti tupu, isiyo na sukari wala ladha, mpaka iwe unga laini sana. Kuupima, tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji: ikiwa maji yanageuka meupe kama maziwa na unga hauzami upesi chini, umelainika vya kutosha. Koroga unga huo katika maji ya uvuguvugu, umwagie mbwa taratibu kwa dakika 10 hivi, kisha msuuze na kumkausha vizuri. Usilifanye hili penye jeraha lililo wazi au kidonda chenye majimaji, kwa kuwa pale unachotaka ni ukavu.

Hatua ya tano: cha kupaka na cha kuacha

Jambo la kukumbuka ni moja: chochote unachompaka mbwa, chukulia kwamba atakila.

Usitumie spiriti wala haidrojeni peroksaidi, kwa kuwa huchoma na kuua seli zile zile zinazojaribu kufunga jeraha. Krimu za watoto za kuzuia wekundu wa nepi mara nyingi zina zinki oksaidi, ambayo mbwa akiilamba humtapisha, na kwa wingi au kwa kurudiwa huharibu chembe nyekundu za damu. Mafuta ya mti wa chai yana sifa nyingi kwa watu, lakini kwa mbwa ni sumu: humfanya atetemeke, apepesuke na kuishiwa nguvu, tena hupita hata kwenye ngozi. Krimu za kutuliza maumivu ya misuli zenye diklofenaki zinaweza kumharibu figo na kumtoboa tumbo. Jeli ya mshubiri inavumilika ikiwa ni jeli safi iliyotengwa na utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, kwa maana utomvu huo ukilambwa huharisha. Kwangu mimi, kwa sababu hiyo, haifai kwa mbwa asiyevaa koni.

Krimu ya haidrokotisoni hupunguza mwasho, ila huchelewesha kupona kwa jeraha na kuipa maambukizi nafasi, kwa hiyo itumike kwa maelekezo ya daktari na juu ya ngozi nzima pekee. Yapo mafuta na dawa za kupulizia zilizotengenezwa kwa ajili ya ngozi ya mbwa; ukiwa nazo, paka kiasi chembamba baada ya kukanda, na umvalishe koni.

Vidonge vya maumivu vya nyumbani visimkaribie. Ibuprofeni na parasetamoli vinaweza kumuua mbwa kwa kipimo ambacho mtu mzima hakioni kuwa kikubwa. Dawa za mzio za watu nazo ziulizwe kwanza, kwani baadhi zimechanganywa na dawa ya mafua yenye pseudoefedrini, ambayo huufanya moyo wake uende mbio.

Hatua ya sita: kufuatilia saa 48

Kagua asubuhi na jioni, ukilinganisha na picha ya kwanza. Mchubuko unaokwenda vizuri hupungua wekundu kila siku, haupanuki na hautoi harufu. Ule mwepesi hutulia kwa siku 2 hadi 4, na ule uliochubuka zaidi huchukua wiki. Ngozi inaweza kubaki na weusi kwa muda baada ya kupona, na hilo si tatizo. Katika siku hizo usimwogeshe tena, usimpake dawa ya matone ya viroboto juu ya ngozi iliyochubuka, na usimwache kwenye jua kali, maana ngozi iliyozoea kivuli cha manyoya huungua, hasa kwa mbwa weupe.

Ukimpima joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa, kilichopakwa mafuta kidogo, kiwango cha kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Mkono juu ya pua haukuambii kitu.

Wakati wa kwenda kwa daktari

Nenda mara moja, bila kusubiri asubuhi, ikiwa uso au koo linavimba, anapumua kwa shida, anatapika au kuharisha ghafla, ufizi umepauka, au amelegea na kuanguka. Mzio mkali kwa mbwa mara nyingi huanzia tumboni, kwa hiyo kutapika muda mfupi baada ya kuoshwa kusichukuliwe kuwa ni kichefuchefu cha gari.

Nenda siku hiyohiyo kwa maumivu ya mgongo niliyoyaeleza, kwa usaha, kwa harufu mbaya, kwa kidonda kinachopanuka, kwa joto linalozidi nyuzi 39.5, na kwa jicho. Kama jicho liliingiwa na shampuu, lisafishe kwa maji ya chumvi yaliyopoa kwa dakika 10 hadi 15. Baada ya hapo, jicho likiendelea kufumba, kutoa machozi au kuonekana lina ukungu, huenda kioo chake kimechubuka. Usitumie matone ya macho yaliyobaki nyumbani, kwani yale yenye steroidi, yaani dawa za jamii ya haidrokotisoni, yanaweza kuuzidisha mchubuko huo mpaka jicho litoboke.

Sikio nalo lisitiwe matone yoyote kabla daktari hajaitazama ngoma yake. Anayeburuta makalio kwa zaidi ya siku mbili bila wekundu wa mashine akaguliwe vifuko vilivyo pembeni mwa njia ya haja kubwa, kwa sababu huenda vilikamuliwa kwa nguvu au vimejaa. Na mchubuko wa kawaida ambao haujaonyesha nafuu yoyote baada ya saa 48 nao uonwe.

Chukua zile picha, chupa ya shampuu au picha ya maelezo yake, na orodha ya kila ulichopaka. Kama alinyolewa na mtu mwingine, mpigie simu kwanza. Mweleze ulichokiona na saa ulipokiona, uulize shampuu ilichanganywa lini na meno ya mashine yalikuwa namba ngapi. Mnyoaji anayeijali kazi yake atakujibu bila kujitetea, na majibu yake yanaweza kumwokolea daktari siku mbili za kubahatisha.

Kabla ya kumwogesha au kumnyoa tena

Kazi kubwa hufanyika kabla ya maji. Mchane mbwa hadi ngozini, fungu kwa fungu, kwa kuwa fundo likilowa hukaza. Kitana cha chuma kikipita kutoka ngozini hadi ncha bila kukwama, yuko tayari. Fundo lililoshikana na ngozi lisikatwe kwa mkasi, maana ngozi huinuka ndani yake na hukatwa pamoja nalo. Linyolewe kwa mashine, na asiteswe kwa kuvutwa ili manyoya yabaki marefu. Utu kwanza, urembo baadaye.

Katika mashine nyingi za mbwa, namba ya meno ikiwa kubwa ndivyo unyoaji unavyokaribia ngozi: namba 10 huacha takriban milimita 1.5, na namba 40, inayotumiwa hasa kuandaa sehemu ya upasuaji, huacha karibu robo ya milimita. Kwa tumbo na kinena omba namba 10, ikipitishwa kufuata uelekeo wa manyoya, ngozi ikiwa imenyooshwa kwa mkono mwingine. Kila dakika chache gusisha meno ya mashine upande wa ndani wa kifundo chako cha mkono. Yakikuchoma hata kidogo, subiri yapoe au badilisha. Mbwa wa manyoya ya tabaka mbili, kama Husky, Chow Chow na Pomeranian, asinyolewe mwili mzima bila sababu ya kitabibu, kwani manyoya yake yanaweza kukawia miezi mingi kurudi, na wakati mwingine hurudi na sura nyingine.

Shampuu mpya ijaribiwe kwanza mahali padogo, ioshwe, kisha subiri saa 24. Changanya kiasi cha siku hiyo tu, katika chombo kilichosafishwa na kukauka, na kinachobaki kimwagwe. Sugua kwa kufuata manyoya. Kikaushio kiwe cha hewa vuguvugu, kisielekezwe mahali pamoja, na usimwache mbwa peke yake ndani ya kizimba kinachopulizwa hewa ya moto, maana huko anaweza kuzidiwa na joto hata kufa.

Siku ya pili baada ya kila kumwogesha, nikimfunga ukanda, napitisha kiganja mgongoni mwake kutoka shingoni hadi mkiani, taratibu, nikitazama masikio yake yanafanya nini.